Tumbo na Ubongo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Chakula, Fikra na Tabia

Maswali haya huulizwa na wazazi, walimu, wenye vidonda vya tumbo na watu wanaouguza jamaa zao. Msimamo wetu ni mmoja. Kabla hujanunua dawa ya "kusafisha utumbo" au vidonge vya bakteria, tafuta kwanza magonjwa ya kawaida ambayo vituo vya afya vya Uganda vinaweza kuyapima au kukuelekeza yanakopimwa: upungufu wa damu, minyoo, ini, vidonda, pombe. Hayo yanaweza kumnyima mtu akili yake ya kila siku, na mengi yanatibika.

Je, tumbo linazungumza na ubongo kweli, au ni usemi tu?

Linazungumza, na Waswahili walilijua hilo kabla ya maabara: mtu anayengoja majibu ya mtihani tunasema ana tumbo joto. Njia zenyewe ni nne. Ya kwanza ni neva ya vagasi, inayotoka kwenye shina la ubongo, ikapita shingoni na kifuani mpaka kwenye matumbo. Takriban asilimia 80 ya nyuzi zake hupeleka habari juu, kutoka viungo vya ndani kwenda kwenye ubongo. Amri zinazoshuka ni chache. Ya pili ni damu, inayobeba homoni za njaa na shibe, sukari, na kemikali zinazotengenezwa na bakteria. Ya tatu ni kinga ya mwili, ambayo sehemu yake kubwa imepiga kambi kwenye kuta za utumbo. Ya nne ni neva za utumbo wenyewe, zaidi ya milioni 100, ambazo zaweza kusukuma chakula hata mawasiliano na ubongo yakikatika.

Ubongo nao hujibu. Mwaka 1822 huko Marekani kijana aitwaye Alexis St. Martin alipigwa risasi, na jeraha lake likapona likiacha tundu lililofungukia ndani ya tumbo. Daktari wake, William Beaumont, alilitazama tumbo hilo kwa miaka, na mwaka 1833 alichapisha aliyoyaona, likiwamo hili: mtu akikasirika, tumbo hubadilika na chakula hakisagiki kama kawaida.

Nimesikia asilimia 90 ya serotonini hutengenezwa tumboni. Basi furaha yote inatoka tumboni?

Hapana. Ni kweli kwamba zaidi ya asilimia 90 ya serotonini ya mwili hutengenezwa na chembe za ukuta wa utumbo, lakini serotonini hiyo haivuki kizuizi kilichopo kati ya damu na ubongo. Kazi yake hukohuko ni kusukuma chakula, kuamsha kichefuchefu na kupeleka ishara kwenye neva ya vagasi. Ubongo hutengeneza serotonini yake wenyewe kutokana na triptofani, kijenzi cha protini kinachopatikana katika maharage, karanga, mayai, maziwa na samaki. Anayekuuzia unga wa "kuongeza serotonini ya tumbo ili ufurahi" ameruka ukuta huo bila kuutaja.

Ni ushahidi gani ulio wazi kabisa kwamba tumbo linaweza kubadili fikra?

Ugonjwa wa ini uliokomaa. Bakteria wa utumbo mpana wanapovunja protini hutoa amonia. Ini zima huikamata na kuigeuza kuwa urea, ikatoka na mkojo. Ini lililonyauka, iwe kwa homa ya ini aina ya B au kwa pombe, huiachia ipite hadi kwenye ubongo. Kichocho cha tumbo, kinachopatikana kwenye fukwe za Ziwa Victoria na Ziwa Albert, nacho huziba mishipa ya ini, damu ikatafuta njia za pembeni.

Dalili huanza kimyakimya: mgonjwa analala mchana na kukesha usiku, mwandiko unaharibika, anajibu kwa ukali asiokuwa nao, anasahau njia ya kwenda nyumbani. Mwambie anyooshe mikono mbele na kukunja viganja juu kama anayesimamisha gari; viganja vitapigapiga kama bawa la ndege. Jamaa wengi hapo huona amerogwa au ameanza wazimu. Tiba ya kwanza ni laktulosi, sharubati tamu ambayo haifanyi kazi kwenye kichwa hata kidogo. Hubadili hali ya utumbo mpana na kuisukuma amonia nje, na kipimo chake hurekebishwa mpaka mgonjwa apate choo laini mara 2 hadi 3 kwa siku. Mara nyingi akili hurudi ndani ya siku chache.

Kinachoharibu mambo ni kufunga choo, kutapika damu, maambukizi, kuharisha kupita kiasi, na dawa za usingizi. Kosa jingine ni kumnyima mgonjwa nyama, samaki na maharage kwa hofu ya amonia. Misuli nayo husaidia kuondoa amonia, kwa hiyo kumkondesha kunamzidishia. Apewe milo midogo mingi, na kitu kidogo kabla ya kulala.

Na bakteria? Wanaweza kweli kubadili hisia za mtu?

Kwa panya, ndiyo. Mwaka 2004 watafiti wa Japani walionyesha kwamba panya waliokuzwa bila bakteria hata mmoja hupandisha homoni za msongo kupita kiasi wanapobanwa. Mwaka 2011 watafiti wa Cork, Ireland, waliwalisha panya bakteria aitwaye Lactobacillus rhamnosus JB-1, wasiwasi ukapungua. Neva ya vagasi ilipokatwa, faida ikatoweka. Ni kazi nzuri sana. Lakini bakteria huyohuyo alipopewa wanaume wenye afya katika jaribio lililochapishwa mwaka 2017, hakuwazidi waliopewa kidonge kisicho na dawa.

Chakula kizima kina ushahidi bora kuliko kidonge. Jaribio la Australia la mwaka 2017 liliwachukua watu 67 wenye sonona, wengi wao tayari wakitumia dawa au ushauri nasaha. Nusu walipewa mafunzo ya mlo kwa wiki 12: mboga, matunda, jamii ya kunde, samaki, nafaka zisizokobolewa. Wengine walipewa mtu wa kuzungumza nao tu. Asilimia 32 ya kundi la mlo walipona dalili, dhidi ya asilimia 8. Idadi ni ndogo, na washiriki walijua wamo kundi gani, kwa hiyo tunalichukulia kama sababu nzuri ya kula vizuri, si ruhusa ya kuacha dawa.

Inakuwaje mtu mwenye tumbo bovu anajitenga na watu?

Sababu ya kwanza ni ya wazi: anayeogopa kuharisha au kujamba hadharani hakai msibani wala kwenye taksi. Ya pili iko kwenye kinga. Mwili ukigundua vipande vya bakteria kwenye damu, hutoa kemikali za uvimbe zinazouambia ubongo upunguze matumizi: lala, usile, kaa peke yako. Katika jaribio la California lililochapishwa mwaka 2010, watu wenye afya walichomwa kiasi kidogo cha sumu ya ukuta wa bakteria. Ndani ya saa chache walijisikia wako mbali na wenzao, na hisia zao zikashuka. Hakuna aliyewakosea. Basi mzee wako akianza kukwepa watu ghafla, muulize na habari za tumbo, homa na hamu ya kula kabla ya kusema ana kiburi.

Na ujamaa nao hubadili tumbo. Watafiti wa nyani wa Amboseli, Kenya, walionyesha mwaka 2015 kwamba nyani wanaochambuana manyoya hufanana bakteria wa matumboni kuliko wasiochambuana, hata wote wakila chakula kilekile.

Njaa inamfanya mtu awe mkali, au ni tabia yake tu?

Mwenye njaa hana miiko, na utafiti unakubali. Mwaka 2022 watu 64 wa Ulaya ya kati waliulizwa kwa simu mara kadhaa kila siku kwa siku 21. Kadiri walivyohisi njaa, ndivyo hasira na kukereka vilivyopanda. Sukari ya damu inaposhuka mwili hutoa adrenalini, ileile ya ugomvi.

Mwalimu mwenye darasa linalolala au kupigana saa 5 asubuhi aanze kwa kuuliza nani amekunywa uji. Kikombe cha mililita 300 cha uji wa mahindi wenye sukari tupu hupandisha sukari ya damu haraka, nayo hushuka haraka. Ukitumia ulezi na kukoroga vijiko 2 vya unga wa karanga kwa kila kikombe, shibe hukaa. Gharama inaongezeka, ndiyo, na kamati ya wazazi itabidi ilijadili hilo waziwazi. Karanga ziwe kavu na zisizo na ukungu, maana ukungu wake hutoa sumu inayoharibu ini.

Mtoto wangu alikuwa mchangamfu, sasa hachezi, analia ovyo, miguu imevimba. Ni tabia?

Huo unaweza kuwa kwashiakoo, yaani utapiamlo mkali unaovimbisha mwili, na ni dharura. Bonyeza mgongo wa kila mguu kwa kidole gumba sekunde 3. Vishimo vikibaki miguu yote miwili, mpeleke kituo cha afya leo. Kununa na kukosa hamu ya kucheza ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, sawa na uvimbe. Usimwanzishie nyumbani nyama na mayai kwa wingi: mwili uliodhoofika hauwezi kuubeba mlo mzito wa ghafla. Hospitali huanza na maziwa maalumu mepesi, F-75, kidogokidogo kila saa 2 hadi 3, ndipo huhamia F-100 au chakula cha tiba cha karanga.

Bakteria wamo katika kisa hiki. Utafiti wa mapacha wa Malawi uliotolewa mwaka 2013 ulionyesha kwamba bakteria wa pacha mwenye kwashiakoo, wakipandikizwa kwa panya wanaolishwa chakula cha Kimalawi, huwakondesha kuliko wale wa pacha mzima. Hata hivyo, watoto 400 wenye utapiamlo mkali walipojaribiwa hapa Uganda kwa bakteria wa kununua, siku za kuharisha hospitalini hazikupungua. Tatizo halikuwa bakteria mmoja aliyekosekana.

Baada ya kupona, mlo unaofundishwa na kitengo cha lishe cha Mwanamugimu, hospitali ya Mulago, Kampala, ni kitobero: matoke au viazi, maharage au karanga, mukene (dagaa) au yai, na mboga za majani, vyote vikipikwa pamoja kwa mvuke ndani ya jani la mgomba na kupondwa. Mchezo nao ni tiba. Huko Kingston, Jamaika, watoto waliodumaa walitembelewa kila wiki kwa miaka 2 na mtu aliyemfundisha mama kucheza na mwanawe. Walipofika utu uzima kipato chao kilikuwa juu kwa takriban asilimia 25 kuliko wenzao wasiotembelewa. Faida ya nyongeza ya chakula peke yake haikudumu hivyo. Kwa hiyo lisha, kisha kaa chini ucheze naye.

Minyoo inapunguza akili?

Minyoo haili akili. Inakula damu na chakula. Minyoo ya safura hunyonya damu kwenye ukuta wa utumbo, madini ya chuma yakaisha, na ubongo bila chuma hauwezi kukaza fikra. Mtoto huonekana mzembe, mama huonekana mvivu. Serikali hugawa dawa za minyoo kwenye Siku za Afya ya Mtoto, mwezi wa nne na wa kumi. Kipimo cha albendazoli ni miligramu 400 mara moja, na miligramu 200 kwa mtoto wa miezi 12 hadi 23. Mjamzito asiinywe miezi 3 ya kwanza.

Dawa bila chuma ni kama kuziba mtungi bila kuujaza. Pima damu. Himoglobini, yaani wekundu wa damu, ikiwa chini ya takriban gramu 11 kwa desilita, mtoto wa chini ya miaka 5 au mjamzito ana upungufu. Na chai! Chai iliyokolea ikinywewa pamoja na maharage au dodo (mchicha) huzuia chuma kisifyonzwe. Ngoja saa moja baada ya kula. Badala yake kamulia limau au kula chungwa na mlo huohuo.

Sili nyama ya nguruwe. Kifafa cha minyoo kinanihusu?

Kinakuhusu, na hili halieleweki vya kutosha. Kuna hatua mbili tofauti. Anayekula nguruwe mbichimbichi mwenye vifuko vya mabuu hupata mnyoo tegu tumboni, na kwa kawaida haumwi sana. Mtu huyo ndiye hutoa mayai kwenye choo chake. Mwingine yeyote akiyameza mayai hayo kwa maji, mboga mbichi au mkono usionawa, mabuu husafiri kwa damu na kujenga vifuko kwenye ubongo: degedege, maumivu ya kichwa, hata kubadilika tabia. Mwaka 1992 watafiti waliripoti kisa hiki huko New York katika familia za Kiyahudi zisizogusa nguruwe kabisa. Yaelekea mayai yaliletwa na wafanyakazi wa nyumbani wenye tegu.

Kwa hiyo ulinzi ni choo chenye mlango, nguruwe wafungiwe, na sabuni kabla ya kupika. Mla nguruwe asubiri mpaka ndani kusiwe na wekundu wala maji ya damu, na nyama yenye vijipunje vyeupe kama mchele asiinunue. Mtu mwenye degedege asinywe albendazoli au prazikwanteli kiholela: mabuu yakifa ghafla ndani ya ubongo huleta uvimbe. Daktari ataamua, kwa kawaida pamoja na dawa ya kutuliza uvimbe.

Vidonda vya tumbo vinaletwa na mawazo?

Kwa sehemu kubwa huletwa na bakteria Helicobacter pylori au na dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na aspirini. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa ugunduzi huo. Marshall alikuwa amekunywa bakteria hao mwenyewe ili kuthibitisha. Mawazo huzidisha asidi na maumivu, na maumivu ya usiku huharibu usingizi, kesho yake mtu anagombana na kila mtu. Duara hilo lipo kweli, ila haliponi kwa kuambiwa "acha mawazo".

Pima vizuri. Kipimo cha damu hubaki chanya muda mrefu hata baada ya kupona, na watu wengi wametibiwa mara 3 au 4 kwa sababu yake. Omba kipimo cha choo cha kutafuta chembe za bakteria. Acha omeprazoli (dawa ya kupunguza asidi) wiki 2 kabla, na antibiotiki wiki 4 kabla, la sivyo majibu yatakuwa hasi ya uongo. Dozi ni siku 14 kamili. Ukiacha siku ya 6 kwa kuwa maumivu yametulia, bakteria hurudi wakiwa sugu. Rudia kipimo wiki 4 baada ya kumaliza antibiotiki.

Kila nikichoka napimwa taifodi na kupewa antibiotiki. Kuna madhara?

Yapo. Taifodi ya kweli, yaani homa ya matumbo, huweza kuvuruga akili hadi mtu aweweseke. Jina lake limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya moshi au ukungu. Mlipuko wa Kampala wa mwaka 2015, uliohusishwa na maji machafu, ulikuwa na washukiwa zaidi ya 10,000. Lakini kipimo cha Widali kilichofanywa mara moja tu hakitoshi, maana kingamwili za zamani hukifanya kisome chanya. Kuotesha damu kabla ya dawa ndiyo njia ya kuaminika zaidi.

Antibiotiki isiyo ya lazima huua bakteria wazuri pamoja na wabaya. Huchukua wiki, wakati mwingine miezi, jamii yao kujipanga upya, na huku nyuma mtu huharisha na kujaa gesi. Uchovu wa miezi bila homa ni afadhali upimiwe damu, sukari, VVU na usingizi kuliko kununua siprofloksasini kila mwezi dukani.

Basi nile nini, kwa vipimo?

Tuanze na historia ya hapahapa. Denis Burkitt, mpasuaji wa Ireland aliyefanya kazi Lira na kisha Mulago, alishirikiana na wenzake kupima choo cha watu. Matokeo yao ya mwaka 1972: wanavijiji wa Uganda walitoa wastani wa takriban gramu 470 kwa siku, na chakula kilipita mwilini kwa saa 36 hivi, mabaharia wa Uingereza walitoa gramu 104, kwa saa 83. Tofauti ni nyuzinyuzi. Bakteria wa utumbo mpana huzichachusha na kutoa asidi fupi za mafuta, kama butirati, zinazolisha ukuta wa utumbo na kutuliza uvimbe. Posho nyeupe (ugali wa mahindi yaliyokobolewa), chapati na soda haziwaachii chochote.

Shirika la Afya Duniani hupendekeza mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku, na gramu 400 za mboga na matunda. Vyakula vya sokoni hutosha: gramu 200 za maharage yaliyopikwa hutoa takriban gramu 13, nusu ya parachichi kubwa 6, viazi vitamu gramu 200 hutoa 6, na sahani ya nakati (mboga ya majani) au dodo 2 hadi 3. Kikomando cha kibandani, yaani chapati na maharage, si kibaya kama kinavyosemwa. Agiza maharage mara mbili na chapati moja.

Usiruke kutoka gramu 10 hadi 30 kwa siku moja, utajaa gesi na kulaumu maharage. Ongeza kwa wiki 2 hadi 3, na maji pia. Maharage yaloweke saa 8 hadi 12, mwaga maji hayo, chemsha kwa maji mapya, na yatokote kwa nguvu dakika 10 angalau kabla ya kupunguza moto, kwa kuwa maharage mabichimabichi yana sumu ya kutapisha.

Bushera na mtindi vinasaidia?

Ni vyakula vizuri, tena vya bei nafuu kuliko vidonge. Bushera ya nyumbani: pika uji wa nusu kilo ya unga wa ulezi au mtama kwa lita 5 za maji, uache upoe kabisa, koroga vijiko vikubwa 5 vya unga wa mtama uliooteshwa, funika kwa chombo safi. Siku ya 1 hadi 2 huwa na uchachu mwepesi. Ikiendelea kukaa, kileo hupanda, na hiyo si ya mtoto. Inayoharibu ni maji yasiyochemshwa yanayoongezwa mwishoni ili kuifanya nyepesi.

Mtindi: chemsha lita 1 ya maziwa, yapoe hadi kidole kivumilie kwa kuhesabu 10, weka vijiko 2 vya mtindi hai, funika kwa blanketi saa 8. Ukiweka mbegu maziwa yakiwa moto unaiua. Katika Uganda kuna pia mbegu ya Lactobacillus rhamnosus yoba 2012 inayotumiwa na wasindikaji wadogo. Hivi vyote husaidia tumbo. Kwamba vitatibu sonona, hatusemi.

Muhogo mchungu unaweza kuleta wazimu?

Huleta sumu ya sianidi: kutapika, kizunguzungu, kuchanganyikiwa. Kasese, mwezi wa tisa 2017, watu 98 waliugua kwa unga wa muhogo na 2 wakafa. Ukishuku unga, ulowanishe kwa maji, utandaze usizidi sentimita 1, uache saa 2 juani au saa 5 kivulini ili sumu ipae, kisha upike siku hiyohiyo.

Pombe?

Waragi, pombe kali ya Uganda, huchubua tumbo, huzuia vitamini B1 kufyonzwa, na mnywaji hali. Mlevi anayepepesuka hata akiwa hajanywa, macho yanachezacheza na maneno hayashikani, ahitaji sindano ya B1 hospitalini haraka. Akipewa dripu ya sukari peke yake anaweza kuzidiwa.

Ramadhani siku za mwanzo kichwa kinauma na nakuwa mkali. Kwa nini?

Mara nyingi ni chai na kahawa, siyo njaa. Dalili za kukosa kafeini huanza saa 12 hadi 24 baada ya kikombe cha mwisho. Punguza kikombe kimoja kila baada ya siku 2 kuanzia wiki moja kabla ya mwezi kuandama. Daku iwe na maharage, ulezi au mayai, na maji yagawanywe kati ya futari na daku badala ya kunywa lita nzima mara moja.

Mtoto wangu ana usonji. Mlo au bakteria wataondoa?

Hapana. Utafiti wa Australia wa mwaka 2021 uliwapima watoto 247, wenye usonji na wasio nao, na ukaona kwamba tofauti za bakteria zilitokana zaidi na uchaguzi mwembamba wa vyakula wa watoto wenye usonji kuliko kinyume chake. Tibu kufunga choo kwake, maana mtoto asiyeweza kusema "naumwa" huonyesha maumivu kwa kupiga kelele au kujigonga. Usimnyime ngano na maziwa bila mtaalamu wa lishe.

Ni lini niache kujitibu?

Leo hii, ukiona choo cheusi kama lami au damu, kutapika damu, macho ya manjano pamoja na kuchanganyikiwa, degedege, homa na kuweweseka, au mtoto anayeharisha huku macho yamezama na hanywi. Mtoto huyo aanze kupewa maji ya chumvichumvi (ORS) njiani: pakiti moja kwa lita 1 kamili ya maji safi, si nusu lita, maana yakikolea humzidishia kuharisha, na zinki miligramu 20 kila siku kwa siku 10 hadi 14, au miligramu 10 akiwa chini ya miezi 6.

Huzuni ya zaidi ya wiki 2, kukosa usingizi, au mawazo ya kujiua yapelekwe hospitali ya rufaa ya mkoa au Butabika, hospitali ya magonjwa ya akili, hata kama tumbo nalo linauma. Kuna tiba isiyo na vidonge iliyojaribiwa vijijini Masaka na Rakai, matokeo yakatolewa mwaka 2003: watu wenye sonona walikutana kikundi kimoja kila wiki kwa wiki 16, wakizungumzia misiba, ugomvi na mabadiliko ya maisha, na dalili zao zikapungua sana kuliko za vijiji visivyokuwa na vikundi. Uliza kituoni kama kikundi cha namna hiyo kipo karibu nawe.